Kubadili Gia Mgonjwa Akiwa Nyuma

Kabla sijashika usukani nilikuwa nimekwisha kuzijua gia kwa muda mrefu, nikiwa upande wa nyuma wa gari la wagonjwa. Mimi ni muuguzi, na kituo cha afya ninachofanyia kazi kiko kwenye milima ya Usambara Magharibi, mahali ambapo kila rufaa nzito ni safari ya kupanda au kuteremka. Muuguzi anayesindikiza mgonjwa hukaa kwenye benchi la pembeni, mkono mmoja ukiwa kwenye machela na macho yakiwa kwenye chupa ya dripu iliyotundikwa kwenye ndoano ya dari. Kutoka pale humwoni dereva vizuri, wala huioni barabara iliyo mbele, lakini kila gia inayobadilishwa unaisikia mwilini, na mgonjwa anaisikia zaidi yako. Mtu aliyevunjika paja, hata kama limefungwa banzi kwa uangalifu, hukunja uso kila gari linaposhtuka, kwa sababu ncha za mfupa husogea; mama mwenye uchungu hukamata ukingo wa machela akisubiri mshtuko unaofuata. Nilisafiri na madereva kadhaa waliopita kituoni kwetu, na baada ya muda niliweza kutambua nani yuko kwenye usukani bila kuambiwa, kwa kutazama tu jinsi dripu inavyoyumba.

Kwa kutazama huko nilitambua pia kuwa mishtuko ni ya namna mbili. Kuna wakati gari lilichupa mbele mara tu gia ilipoingia, sisi tukabaki nyuma na dripu ikaelekea kwenye mlango wa nyuma. Kuna wakati mwingine gari lilijizuia ghafla ingawa breki haikuguswa, nasi tukaenda mbele pamoja na dripu. Tofauti hiyo ilikaa akilini mwangu jinsi dalili ambayo bado haijapata jina inavyokaa akilini mwa muuguzi. Watu husema kwamba dereva fulani ana mkono mzito na mwingine ana mkono mwepesi, wakamaliza hapo. Leo najua kwamba mkono ndiyo sehemu ndogo kabisa ya jambo hili, na kwamba mishtuko ile miwili ina sababu mbili zinazoeleweka wazi, ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza kuziondoa.

Nafasi ya kujifunza ilinijia kwa sababu ya uhitaji. Dereva wetu mkongwe alikuwa anakaribia kustaafu, na ikaamuliwa kuwa mtumishi mmoja zaidi afundishwe ili gari lisibaki limeegeshwa wakati mgonjwa anahitaji kusafirishwa. Nilisoma shule ya udereva mjini kwa kutumia gari dogo la petroli, nikapata leseni, kisha nikarudi mlimani na kukabidhiwa kwa yule mzee, ambaye alikuwa ameamua kwamba hataondoka kabla hajaniona nikiteremka hadi Mombo kwa namna inayomridhisha. Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser aina ya HZJ78, lile refu lenye milango miwili nyuma, ambalo wengi wameliona likibeba wagonjwa katika sehemu nyingi za Afrika. Lina injini ya dizeli ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na giaboksi ya gia tano za mbele. Injini hii ina nguvu chini chini, yaani hufanya kazi yake nzuri kabisa ikiwa bado inazunguka polepole, na mambo yake hayafanani na ya kigari cha petroli cha shule ya udereva.

Somo la kwanza mzee alinipa nikiwa abiria. Aliniambia nikae mbele, nifumbe macho, na nimwambie ni wakati gani yeye atabadili gia. "Sista, mshale wa dashibodi utautazama mchana," alisema. "Usiku wa mvua macho yako yote yatakuwa barabarani, na kitakachobaki ni sikio." Nilianza kuzisikia sauti ambazo nilikuwa nimezipita kwa miaka: mngurumo unaojaa injini inapofika mahali pake pazuri, ukali unaoanza inapozungushwa kupita kiasi, na ule mgongano wa chini unaotetemesha sakafu inapolazimishwa kuvuta ikiwa imechoka. Injini ile hutoa msukumo wake mkubwa kabisa ikiwa kwenye mizunguko karibu 2,200 kwa dakika, na baada ya siku chache sikio langu liliijua sauti ya hapo kama namba iliyoandikwa.

Kisha tukateremka hadi uwanda wa Mombo, kwenye njia tambarare za pembeni mwa mashamba ya mkonge, ambako hakuna magari mengi. Huko alinikataza kugusa pedali ya mafuta kabisa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuliondoa gari kwa gia ya kwanza kwa kuachia klachi peke yake. Injini ya dizeli ya ukubwa ule, hata ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, ina nguvu ya kutosha kuliondoa gari kwenye tambarare, mradi klachi iachiliwe kwa subira. Zoezi hilo linafundisha jambo ambalo maneno hayalifikii. Pedali ya klachi ina safari ndefu, lakini sehemu yenye kazi ni finyu sana. Juu yake na chini yake unaweza kwenda upesi utakavyo, ila pale inapoanza kushika ni lazima mguu usimame kidogo. Kisigino kikae sakafuni ili mguu uwe na mahali pa kuegemea, na kiti kisogezwe karibu kiasi kwamba pedali ikifika chini goti bado limekunjwa. Mzee alisisitiza pia viatu vya soli nyembamba. Mabuti ya mvua tunayovaa masika huku kwetu yanafaa kwa matope ya njiani, lakini ndani ya gari yanauziba mguu usisikie kitu.

Kinachotokea pale ni hiki. Injini ina gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka nayo wakati wote. Giaboksi ina shafti yake inayoingia kutoka upande wa injini, na kwenye shafti hiyo imevishwa pleti ya klachi. Mguu ukiwa juu, pleti inabanwa kwenye flaiwili na vitu hivyo viwili vinazunguka pamoja. Mguu ukiwa chini, vinatengana na kila kimoja kinazunguka kwa kasi yake. Unapoachia klachi unavirudisha pamoja, na kama kasi zake zinatofautiana, pleti inasuguana na flaiwili hadi zilingane. Ni kama wanawake wawili wanaopokezana mtungi wa maji kichwani: anayetoa haachii mpaka asikie uzito umekwisha kuhamia kwa mwenzake.

Hapo ndipo mishtuko yangu miwili ilipopata majina yake. Nikimsikiliza mzee akieleza, nilijikuta nikimkatiza na kumwambia, "Mzee, basi dripu ikienda nyuma, injini ilikuwa inakimbia kuliko shafti, na ikienda mbele, injini ilikuwa polepole kuliko shafti." Alikubali kwa kichwa, akaniambia niendelee kufikiri hivyo hivyo. Injini iliyo na kasi zaidi hulisukuma gari mara inapokamatana nalo, na abiria wakabaki nyuma. Injini iliyo na kasi ndogo hulivuta gari lipunguze mwendo, na abiria wakaenda mbele. Kwa hiyo ulaini wote ni kuzifanya kasi hizo mbili zikutane kabla klachi haijashika, ili klachi isibaki na tofauti ya kuifuta kwa nguvu.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue gari ambalo gia yake ya tatu huifanya injini izunguke mara moja na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayokwenda kwenye magurudumu, na gia yake ya nne huifanya izunguke mara moja. Ukiwa kwenye ya tatu na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, ukahamia ya nne bila mwendo wa gari kubadilika, injini inatakiwa iwe kwenye 2,000. Mizunguko 1,000 lazima ipotee, na njia pekee ya kuipoteza kwa upole ni kutoa mguu kwenye mafuta na kungoja kidogo. Hapa ndipo shule ya udereva ilikuwa imenifundisha haraka isiyofaa kwa gari letu. Injini ndogo ya petroli hushusha mizunguko yake upesi ukitoa mguu, lakini dizeli ya silinda sita yenye flaiwili nzito hushuka kwa uzito wake. Anayebadili gia kwa haraka kwenye Land Cruiser anaikuta injini bado iko juu, na mgonjwa anarushwa kuelekea mlango wa nyuma. Mzee alinifundisha kuigawa safari ya mkono kuwa miwili: toa gia, pumzika pale katikati kidogo sana, kisha ingiza. Kule kupumzika ndiko kunakoipa injini nafasi ya kushuka.

Kupumzika huko kunaisaidia pia giaboksi yenyewe. Ndani yake kuna ringi ndogo, mara nyingi za shaba, ambazo mafundi wanaziita sinkro. Kabla meno ya gia hayajakamatana, ringi hiyo husugua sehemu iliyochongoka ya gia inayoingia na kuilazimisha izunguke kwa kasi moja na shafti. Kazi hiyo inahitaji kitambo, hata kama ni kifupi mno. Mkono unaoulekeza mkuti wa gia, ile fimbo ya kubadilia gia, mahali pake kwa shinikizo jepesi, ukangoja, unaisikia gia ikiingia yenyewe. Mkono unaosukuma kwa nguvu unazikwangua ringi, na baada ya muda gia ya pili inaanza kulia kila asubuhi. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni baridi kweli kweli, oili ya giaboksi huwa nzito, na gia ya pili hukataa kuingia kirahisi mpaka gari litembee kidogo. Dawa yake ni kutembea taratibu mwanzoni, wala si kuupiga mkuti.

Teknolojia ya sinkro ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac mwaka 1928, lakini haikufika mara moja kila mahali wala kwenye kila gia. Mzee wetu alijifunzia udereva kwenye Land Rover za zamani, ambazo gia zake mbili za chini hazikuwa na sinkro. Ni toleo la Series III, la mwaka 1971, lililokuja na sinkro kwenye gia zote za mbele. Kwenye gari la aina ile dereva asipolinganisha kasi mwenyewe, gia haiingii, inalia tu. Ndiyo sababu madereva wa umri wake wana masikio na miguu ambayo sisi tuliokuja baadaye tunaitafuta kwa shida. Naamini kwa moyo wote kwamba ujuzi ule haupaswi kuzikwa pamoja na magari yale, na nilimwomba anifundishe ingawa gari letu halikuuhitaji.

Ujuzi wenyewe unahusu kushusha gia, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawafundishwi kabisa. Rudi kwenye ile hesabu: ukiwa kwenye gia ya nne na injini iko 2,000, ukitaka ya tatu injini inatakiwa iwe 3,000. Safari hii mizunguko haitakiwi kupotea, inatakiwa kuongezeka. Ukikanyaga klachi, ukaingiza ya tatu na kuachia bila kufanya kitu kingine, wakati huo injini imekwisha kuanguka, labda hadi 1,200, na magurudumu ndiyo yatakayoiburura hadi 3,000. Gari linajizuia ghafla, machela inasukumwa mbele, na kwenye barabara yenye utelezi matairi ya nyuma yanaweza kukosa mshiko. Madereva wengi huificha hali hii kwa kuachia klachi polepole mno, na hivyo mshtuko unapungua lakini pleti inaliwa. Njia iliyo safi ni kuikanyagia injini mafuta kidogo wakati klachi iko chini, isikike ikipanda hadi sauti ya kasi inayotakiwa, ndipo klachi iachiliwe. Ukipatia, hakuna anayejua kwamba gia imebadilishwa isipokuwa aliyesikia sauti.

Mzee alinifundisha kwa namna ya zamani kwanza: kanyaga klachi na toa gia ya nne, achia klachi gari likiwa huru, kanyaga mafuta kidogo injini ipande pamoja na shafti ya giaboksi, kanyaga klachi tena, ingiza ya tatu, achia. Ni kazi ndefu, na mwanzoni miguu inagongana. Lakini faida yake ni kwamba unakipa kila kitu kinachofanyika ndani nafasi yake, na ukirudi kwenye njia fupi ya siku hizi unajua ni hatua gani umeiruka na kwa nini imewezekana kuiruka. Siku za mazoezi tulitundika chupa ya dripu iliyojaa maji kwenye ndoano ya nyuma, na mzee hakuwa na haja ya kunisahihisha sana. Alikuwa akigeuka kuitazama chupa, kisha ananitazama mimi.

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa takriban kilomita 33, na inapanda kutoka uwanda wenye joto, ikipitia Soni yenye maporomoko ya maji, hadi kwenye baridi ya mita karibu 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni lami nyembamba yenye kona nyingi, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, na malori ya Fuso yaliyosheheni kabichi na nyanya yanateremka huku wewe unapanda. Kwenye barabara ya namna hii ulaini huamuliwa kabla ya kona. Gia ya kupandia kona iwe imeingia na klachi imekwisha kushika wakati magurudumu bado yamenyooka, kwa sababu gari lililo katikati ya kona likiwa limekanyagiwa klachi halina injini ya kulishika, na mlimani hupoteza mwendo upesi sana. Kwa sababu hiyo hiyo, kupandisha gia kwenye mlima mkali mara nyingi hakuna maana: katika kitambo kile cha kubadili, gari limepoteza mwendo kiasi kwamba gia mpya haiwezi kulivuta, na utalazimika kuishusha tena. Mishtuko miwili kwa faida isiyokuwepo. Nikiwa na mgonjwa nyuma, nabaki kwenye gia ya pili hata kama injini inapiga kelele kidogo, mpaka nione mwinuko unalegea kweli.

Kuteremka kunataka uamuzi wa mapema zaidi. Gia ya kuteremkia huingizwa juu, kabla mlima haujaanza, kwa kuwa mguu wa kulia ukishahitajika kwenye breki hauna tena uhuru wa kuipandisha injini, na kuiacha breki ili ukanyage mafuta kunaliruhusu gari liongeze kasi. Kanuni ya mzee ni kuteremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Injini isipopewa mafuta hulizuia gari, breki hutumika kwa kugusa na kuachia, na hazipati moto wa kuzilegeza. Kuna madereva wanaoteremka gari likiwa frii, yaani bila gia yoyote kuingizwa, wakiamini wanaokoa mafuta. Nalisema hili kwa uzito: gari lililo kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedali, karibu halitumii dizeli kabisa, ilhali lililo frii linahitaji mafuta ya kuifanya injini isizime, na breki peke yake ndiyo imebaki kati ya abiria na bonde.

Kuliondoa gari lililosimama mlimani nilijifunza mahali ambapo njia ya kuelekea Mlalo ina udongo na mashimo. Breki ya mkono hushika gari, klachi huletwa mpaka sauti ya injini ishuke kidogo na pua ya gari ijiinue, mafuta huongezwa kiasi, na breki ya mkono huachiwa taratibu. Gari halirudi nyuma hata kidogo. Linaloharibu ni kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi ukingoja lori lipite. Harufu ya kuungua inayofuata ni ya pleti inayokwisha. Kwenye matope hali ni nyingine: chagua gia kabla ya kuingia na usiiguse mpaka utoke.

Mengine ni matunzo, na ni machache. Klachi ya gari letu inasukumwa kwa oili, na kopo lake lililo chini ya boneti likipungua, klachi haitengani sawasawa, gia zinalia, na dereva anaanza kuulaumu mkono wake bure. Naliangalia kabla ya kila safari. Mkono pia haupumziki juu ya mkuti wa gia wakati wa kuendesha, kwa maana uzito wake unazisaga sehemu za ndani ambazo hazikutengenezwa kubebeshwa mzigo kila wakati.

Swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu ni kama ulaini huu haucheleweshi safari, hasa mama anapovuja damu na kila dakika ina thamani. Jibu langu linatokana na barabara yenyewe. Muda mwingi kati ya Lushoto na Mombo hupotea kwenye kona zilizoingiwa kwa gia isiyofaa, ambako gari hulazimika kukaribia kusimama na kuanza upya. Anayeingia kila kona akiwa tayari kwenye gia yake hafiki nyuma ya anayekimbia na kufunga breki. Lakini pia mwendo haulingani kwa kila mgonjwa, na hili halimo katika somo la shule yoyote ya udereva niliyoiona. Mwenye paja lililovunjika namchukulia gia moja kwa muda mrefu, nikipunguza kubadili kadiri inavyowezekana, hata tukichelewa kidogo. Mama anayevuja damu namtumikia kwa mwendo, nikizitumia gia zote, ila kila moja nikiilinganisha. Na mama ambaye mtoto yuko karibu kutoka nakubaliana kwanza na muuguzi aliye nyuma: akigonga ukuta wa gari mara moja nipunguze, akigonga mara mbili nisimame. Akigonga mara mbili, nashusha hadi ya pili, naacha injini ilipunguze gari mpaka karibu na mwisho, nakanyaga klachi mwishoni kabisa, nasimama pembeni palipo sawa, navuta breki ya mkono na kuzunguka nyuma, kwa sababu kuanzia hapo mikono miwili zaidi inahitajika huko.